Nilisema Boti Mbili

Mukami alikuwa amesema boti mbili. Alisema wakiwa bado Meru, jikoni, mwiko mkononi. Alisema tena Nairobi walipobadilisha basi. Na usiku wa kuamkia safari yenyewe, huko pwani, alimshika mumewe mkono wa shati akasema mara ya tatu, polepole, kama anavyomwelekeza mfugaji jinsi ya kumpa ng'ombe dawa. Boti moja yako wewe na kamera yako. Boti moja yangu mimi na Mama. Bundi aliitikia mara zote tatu.

Sasa ilikuwa asubuhi, saa nne, nao wamesimama ufukweni. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, yakaacha mchanga na mawe yenye majani ya kuteleza. Na mbele yao kulikuwa na boti moja.

"Ya pili iko wapi?" Mukami aliuliza.

Abubakr, mwenye boti, alimwangalia Bundi. Bundi akaangalia bahari.

"Ya pili haipo," Bundi akasema. "Panda tu, Mama Sheila. Boti ni kubwa."

"Sikukuuliza ukubwa."

Hatua ishirini nyuma yao, Wambeti, mama yake Mukami, alikuwa amesimama na mkoba wake mkononi, uso ameugeuzia minazi. Hakuwa akitazama minazi. Alikuwa akimpisha mkwewe. Tangu Bundi alipomwoa Mukami, miaka kumi na sita iliyopita, mama huyu na mkwewe hawakuwahi kupeana mkono wala kula chakula wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja alikohoa na mwingine akakaa kando. Mama alipokuwa na neno la kumwambia mkwewe, alimwambia Mukami, hata kama Bundi yuko karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Kwao Mbeere jambo hilo huitwa nthoni, heshima na aibu kwa pamoja, na Wambeti hakuwa mtu wa kuilegeza kwa sababu mwaka umefika 1996 na watu wana televisheni.

Sababu ya Mukami kukazana na boti mbili ilikuwa kubwa kuliko boti. Wambeti alikuwa mjane, umri sabini na kitu, peke yake Siakago penye jua na mawe. Macho yalikuwa yanaingia ukungu. Mukami alikuwa amemsihi mwaka mzima ahamie kwake Meru, na mwaka mzima mama alikuwa amekataa, hadi miezi michache iliyopita, alipokubali kwa masharti: chumba chake peke yake, na mlango wake unaofungukia nje, asilazimike kupita sebuleni kwa mkwe kwenda chooni. Chumba kikajengwa. Mama akaja kukikagua, akapigapiga kuta kwa kiganja, akasema hakina ubaya. Bado hakuwa amehamia. Vitu vyake vilikuwa Siakago, na neno lake lilikuwa neno tu.

Halimah, jirani yao wa Majengo kule Meru, ndiye aliyesema mama apelekwe aone bahari kabla macho hayajafunga kabisa. Binamu yake Abubakr alikuwa na boti ya mbao yenye injini, kazi yake kutembeza wageni chini ya majabali wakaone mapango. Mukami alipomwambia mama, yule mzee aliuliza, "Ni maji matupu mpaka mwisho?" Akaambiwa ndiyo. "Basi twende nikaone mwisho wenyewe."

"Bundi," Mukami alisema sasa, kwa Kimeru, ili Abubakr asielewe. "Ulimwambia nini huyu mtu?"

"Nilimwambia boti moja inatosha. Nisikilize. Mama anakuja kukaa kwetu. Tutaishi kwa kukohoa na kujificha hadi lini? Mimi ni mwalimu, wewe una diploma, tunaenda kanisani. Tukikaa pamoja siku moja tu, atazoea. Huku nani anatujua?"

"Yeye anajijua."

"Mama Sheila..."

"Usiniite Mama Sheila. Umenidanganya mara tatu."

Bundi alifundisha jiografia, na alikuwa na tabia ya walimu ya kudhani kwamba akishaeleza jambo limekwisha. Mukami alikuwa afisa wa mifugo kule Ruiri, mtu wa kuingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na ndipo anywe chai. Hakuwa na subira na maelezo. Alikuwa tayari kugeuka, amchukue mama yake warudi nyumbani kwa miguu ikibidi, aliposikia sauti nyuma.

"Mukami. Mnagombana nini huko? Ni kwamba boti ni moja?"

"Ndiyo, Mama."

Wambeti alisogea kidogo, uso bado kwenye minazi. "Nimetoka Siakago kuona maji. Mimi nitakaa mbele kabisa. Yeye akae nyuma kabisa, na wewe katikati. Mwambie akitaka kusogea, akohoe."

Ikawa hivyo. Abubakr akampa yule mzee mkono kupanda, akasema, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba aliyofundishwa na Halimah, akakaa kwenye ubao wa mbele kama mwenye boti.

Na kusema kweli, saa nzima ya kwanza ilikuwa njema. Boti ilitambaa chini ya majabali ya matumbawe, mawe meusi yenye meno, yaliyoliwa na bahari kwa chini hadi yakabaki yananing'inia kama paa bila nyumba. Mapango yalifuatana, mengine madogo kama mdomo wa chungu, mengine yangemeza lori. Wambeti alichovya vidole majini akavilamba.

"Ni chumvi kweli," alisema. "Mbuzi wangu wangekunywa hii hadi wapasuke."

Mukami akacheka. Hata Bundi, huko nyuma, alicheka, akakohoa haraka kuficha.

Pango kubwa la kwanza walishuka. Maji yalikuwa yamepungua, ndani kuna mchanga mkavu na ubaridi wa kupendeza, na kwa nyuma kabisa jiwe lililojitokeza ukutani kama benchi, usawa wa kiuno cha mtu. Popo walilia juu gizani. Mukami aliona kitu ambacho baadaye alijilaumu kwacho: kuta zilikuwa na maganda ya chaza yaliyogandamana hadi juu ya kichwa chake, na mwamba ulikuwa umelowa hadi hapo.

"Mbona kumelowa juu hivyo?" alimuuliza mumewe.

"Unyevu," Bundi akasema, akirekebisha kamera.

Abubakr akawaita. "Sasa lile la pili ndilo zuri. Ndani maji yanang'aa buluu kama taa. Lakini mlango wake ni mfupi. Tukiingia, nyote mtalala chini ndani ya boti, sambamba, vichwa upande huu, mpaka tupite. La sivyo jiwe litawachuna nywele." Akacheka. Alikuwa amewaambia hivyo Wazungu wengi, na Wazungu walipenda sana sehemu hiyo.

Mukami alimtafsiria mama yake kwa Kimbeere. Wambeti alienda hadi kwenye boti, akainama na macho yake ya ukungu, akapima kwa mikono upana wa sakafu ya mbao. Ulikuwa upana wa kitanda.

"Sambamba," alisema.

"Ndiyo, Mama. Lakini mimi nitalala katikati."

"Na wimbi likitusukuma? Unataka nilale kitanda kimoja na mume wako, Mukami?"

Bundi, aliyeelewa Kimbeere cha kutosha, alinyanyua mikono. "Ni dakika mbili! Mwambie ni dakika mbili!"

"Mwambie," Wambeti alisema, akielekea kwenye lile benchi la jiwe, "hata aibu ni dakika mbili. Baadaye unaishi nayo. Mimi nitangoja hapa kivulini. Nendeni mkaone tundu lenu."

"Nitakaa nawe," Mukami akasema.

"Hutakaa nami. Ukikaa atasema nimekuharibia safari, na hicho chumba cha Meru kitaanza kunuka kabla sijahamia. Nenda."

Abubakr alikuna shingo. Alitazama maji, akatazama jua. "Sasa ni saa tano. Maji yameshageuka yanarudi, na leo ni bamvua, yanakuja mengi. Nusu saa, mwalimu. Si zaidi."

"Nusu saa," Bundi akasema.

Mukami akapanda. Kwa hilo nalo alijilaumu.

Pango la pili lilikuwa zuri, na uzuri wake ulimuudhi. Walipita chini ya jiwe wakiwa wamelala kama samaki sokoni, na walipoinuka maji yalikuwa yanawaka kwa chini, buluu isiyo na jina, hadi mikono yao ikawa buluu na meno ya Bundi yakawa buluu. Bundi akaanza kupiga picha. Filamu ikaisha, akaweka nyingine, akihangaika na kifuniko. Akataka picha ya Mukami. Akataka picha yake mwenyewe. Kisha akamuuliza Abubakr lile pango linalopumua liko wapi, lile Halimah alilosimulia, ambapo bahari hutoa moshi wa maji kwenye tundu la juu.

"Ni mbele kidogo," Abubakr alisema. "Lakini si leo."

"Dakika tano."

"Mama anangoja," Mukami akasema.

"Na anangoja kivulini, mahali pakavu. Sikiliza, Abubakr. Maji kujaa huchukua saa sita. Yameanza kama saa nne na nusu. Saa sita! Mimi nimefundisha jambo hili darasani miaka kumi na miwili."

Alikuwa amelifundisha kweli. Alichora ubaoni mwezi na dunia na mishale, kule Meru, mahali ambapo maji hupanda tu mvua ikinyesha mlimani, na ya bahari hakuwa amewahi kuyaona kwa macho yake. Alidhani yanapanda kidogo kidogo, sawasawa, kama ndoo chini ya bomba. Abubakr alijua kwamba hayaendi hivyo, kwamba yakishafika katikati yanakuja kwa haraka kama mtu aliyechelewa. Lakini Abubakr alikuwa mpole, na mgeni huyu alikuwa ameletwa na binamu yake. Akaelekeza boti mbele.

Dakika tano zikawa ishirini. Pango lilipumua, Bundi akashangilia, na walipogeuka Mukami aliona midomo ya mapango waliyoyapita ikiwa imefupika, mingine imefunikwa kabisa. Alihesabu maganda ya chaza ukutani, yaliyobaki juu ya maji.

"Endesha," alimwambia Abubakr. "Endesha hii kitu!"

Ilikuwa saa sita na nusu walipofika pango la kwanza. Mchanga haukuwapo. Mahali walipokuwa wameshuka kwa miguu palikuwa na maji ya kijani yakiingia na kutoka kwa nguvu, na huko ndani, juu ya benchi la jiwe, Wambeti alikuwa amesimama, mgongo ukutani, viatu vimefungwa shingoni, mkoba kichwani. Maji yalikuwa magotini mwake. Wimbi lilipokuja yalipanda hadi mapajani.

"Mama!"

"Mmekula huko?" sauti ya mzee ilijibu kutoka gizani. "Niliona mmekawia, nikadhani mmepikiwa."

Abubakr alijaribu kuingiza boti mara mbili. Mara zote mbili wimbi liliibeba likaielekeza ukutani, na mara ya pili ubao ulilia kwa mlio wa kutisha. "Siwezi," alisema, jasho likimtoka. "Ikivunjika tunakufa wote. Nitaishikilia hapa mdomoni. Mtu aingie amlete. Si mbali, ni hatua kumi. Mimi siwezi kuiacha injini."

Mukami hakungoja. Alivua viatu akajirusha. Maji ambayo yangemfika Bundi kifuani yalimfika yeye kidevuni, na wimbi la kwanza lilimwinua likamtupa kwenye matumbawe kama kitambaa. Muundi ulichanika. Alimeza chumvi, akapotea juu na chini, na kilichomrudisha kilikuwa mkono wa Abubakr umemkamata gauni kwa nyuma.

Alilala sakafuni akikohoa. Alipopata pumzi alimtazama mumewe, mrefu, mpana, mkavu, amekaa na kamera shingoni.

"Ingia," alisema.

"Mukami, yeye hatakubali nimguse."

"Sasa ndiyo unakumbuka nthoni? Sasa? Asubuhi haikuwapo! Ingia majini, Bundi, ama nakuapia nitalichukua hili kasia nikupasue."

Abubakr akamfunga kamba kiunoni. Bundi akaingia. Alitembea kwa shida, mikono juu, wimbi likimpiga kifua, na alipokaribia lile jiwe ikatokea kitu ambacho Mukami hakukisahau. Mtu yule aliyeeleza tangu asubuhi kwamba mambo hayo ni ya zamani alisimama hatua tatu kutoka kwa mama mkwe wake, akageuza uso ukutani, na akakohoa.

"Mukami!" Wambeti aliita. "Mwambie asimame hapo hapo."

"Mama, amekuja kukubeba!"

"Naona amekuja. Mwulize kama anajua anataka kufanya nini."

"Anajua!"

"Sijamsikia yeye."

"Mama, maji!"

"Maji nayaona, mimi ndiye niliye ndani yake. Mwulize."

Wimbi likaja. Mkoba uliyumba kichwani kwa mzee, akausawazisha kwa mkono mmoja. Bundi akauambia ukuta, "Mwambie najua."

"Mwambie basi kwamba mtu hambebi mama mkwe mgongoni hivi hivi kama kuni. Ni beberu mmoja, na jike moja ambalo halijazaa, na blanketi zito. Na ataleta mwenyewe, kwa mkono wake, mchana, hadi boma langu, watu wakiona. Hapo nitakuwa nimebebwa kwa heshima."

Mukami alifungua mdomo kutafsiri, lakini mumewe alikuwa amesikia, kama alivyosikia siku zote. Na Bundi, maji kifuani, kamba kiunoni, popo wakipiga kelele juu yake, alisema, "Mwambie blanketi sawa. Lakini mbuzi ni mmoja."

Wimbi moja likapita.

"Bundi!" Mukami alipiga kelele hadi pango likamrudishia. "Unapatana? Mama yangu anazama na wewe unapatana kama uko soko la Gakoromone? Wewe ni mtu wa namna gani? Ni wewe ulileta boti moja! Ni wewe ulitaka moshi wa bahari! Sema wawili! Sema wawili, mjinga wewe, ama baki humo humo, nami nitamwambia Sheila baba yake aliuawa na ubahili wa mbuzi!"

"Wawili," Bundi akasema.

"Amesema?" Wambeti aliuliza.

"Amesema wawili, Mama! Panda!"

Bundi akageuka akainama. Wambeti hakuharakisha. Alifungua leso yake kiunoni, akabaki na gauni lake lililolowa, akaitandaza leso mgongoni kwa mkwewe, akainyoosha pembe zote, ili ngozi isikutane na ngozi. Ndipo akapanda. Na walipotokea kwenye mwanga, mgongoni yule mzee mdogo wa mwili mwenye mkoba kichwani na macho yaliyofungwa kwa nguvu, Mukami aliona mumewe anatetemeka, na hakujua kama ni kwa baridi.

Boti ikarudi. Wambeti alikaa mbele, Bundi nyuma, Mukami katikati akifunga muundi wake kwa kitambaa cha kichwa. Abubakr aliomba radhi mara moja. "Wewe ndiye mwenye bahari," Mukami alimwambia. "Mgeni akikuambia upuuzi, unakataa." Abubakr akasema kweli.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda Mukami angepoa. Hasira zake zilikuwa kama moto wa mabua, hupanda na kuisha. Lakini Bundi alipokanyaga mchanga mkavu woga ulimtoka mwilini kama maji, na ulipotoka ukaacha nafasi ya majivuno. Watu wa kijiji walikuwa wamekusanyika kuona wageni waliolowa. Wakauliza kumetokea nini. Na Bundi akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mikono, kama yuko darasani.

"Nikamtia mgongoni kama gunia la viazi!" alisema, akiinama kuonyesha. "Gunia zima! Na bado linadai mbuzi!"

Wanaume wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililokuwa baya. Wambeti alikuwa amesimama hapo kando, leso iliyolowa mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari, lakini gunia analijua kila mtu, na kuinama kwa mtu kunaeleweka kwa lugha yoyote.

"Amesema nini?" alimuuliza binti yake.

Mukami angeweza kudanganya. Watoto wengi wangedanganya, na huenda ingekuwa heri. Lakini alikuwa amedanganywa mara tatu yeye mwenyewe, na koo lilikuwa bado lina chumvi.

"Amesema alikubeba kama gunia la viazi."

Wambeti alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiitarajia. "Sawa," alisema. "Hicho chumba cha Meru mwekeni mtu mwingine."

Jioni, katika chumba walichopewa na ndugu zake Halimah, Bundi alikaa kitandani akikausha kamera kwa taulo. Mukami alikuwa amesimama.

"Utamwomba radhi kesho asubuhi kupitia kwangu. Na tukifika tu, wiki hii, utapeleka mbuzi."

"Mukami, hebu fikiri. Yale makubaliano yalifanywa mtu akiwa majini. Hata mahakamani hayasimami."

"Wewe hukuwa unazama. Yeye ndiye alikuwa anazama."

"Na tazama upande mwingine," Bundi aliendelea, sauti ikichangamka, maana alikuwa ameliwaza jambo hili tangu ufukweni na lilimpendeza. "Tumegusana. Nimembeba mgongoni, na hakuna aliyekufa, wala jua halikuanguka. Ile nthoni imevunjika. Sasa anaweza kuishi kwetu kama mtu wa kawaida, apite sebuleni, tule meza moja. Kwa kweli nilichotaka kimetokea."

Mukami alimtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka kumi na sita. Alimjua kuwa si mlevi, si mpigaji, mtu wa kulipa karo mapema na kuosha vikombe akiombwa. Na hapo alipo, taulo mkononi, hakuwa ameelewa hata kidogo kwamba yule mzee alikuwa radhi kufa juu ya lile jiwe, na kwamba kitu pekee kilichomshusha ni neno la mkwewe.

"Lala," alimwambia. Akachukua mto, akaenda kulala chumba cha mama yake.

Walirudi siku ya pili yake. Kutoka Nairobi walipata viti vitatu: Wambeti dirishani mbele, Bundi nyuma kabisa karibu na magunia, kama desturi. Mukami alikaa na mama yake. Hawakuzungumza habari za pango. Walizungumza habari za kuhara kwa ndama, na kama mahindi ya mwaka huu yangefika Desemba. Hadi walipopita Mwea, ndipo mama aliposema, "Usinichukie kwa sababu ya chumba. Kilikuwa chumba kizuri. Ukuta wa nyuma tu ndio umepinda kidogo."

"Sikuchukii, Mama."

"Nani sasa atanisomea barua zako?" alisema, akigusa jicho. Alikuwa akisema tu. Hakuwa akilalamika.

Basi lilisimama Embu mjini. Wambeti alishuka hapo, atafute gari la Siakago. Mukami alishuka naye kumshikia mkoba. Kisha akarudi ndani, akachukua begi lake mwenyewe kutoka chini ya kiti, akashuka tena. Alisimama nje ya dirisha la nyuma akaligonga. Bundi akalifungua.

"Unafanya nini? Basi linaondoka."

"Naenda na Mama."

"Mpaka lini? Kazi yako je?"

"Jumatatu nitaandika barua ya kuomba uhamisho. Hata Siakago kuna ng'ombe. Watoto wako kwa dada yako, na shule zimefungwa. Jumamosi uwapandishe basi waje."

"Mukami, kwa ajili ya mbuzi wawili? Watu watasema nini?"

"Watu? Huku nani anatujua?" Mukami akasema. "Ulitoa neno lako kwa mtu aliyekuwa anazama, Bundi, na ulipofika pakavu ukalicheka. Mimi nalala na wewe nyumba moja. Siku nikizama mimi, utanifanyia hivyo hivyo. Mbuzi wawili na blanketi, kwa mkono wako, mchana. Ukija nao utatukuta. Usipokuja nao, usije."

Utingo akapiga bati, basi likaanza kunguruma. Mukami aligeuka akamfuata mama yake, ambaye alikuwa tayari anavuka kuelekea magari ya Siakago, mguu mmoja ukipapasa ardhi kabla ya mwingine. Akamshika kiwiko.

"Hilo begi ni la nani?" Wambeti aliuliza.

"Langu."

Mzee alitembea hatua kadhaa. Hakuuliza zaidi, wala hakumkataza. Kisha akasimama ghafla katikati ya njia, magari yakipiga honi pande zote.

"Beberu awe mweusi," alisema. "Majini niliharakishwa, sikusema rangi."

Mukami alidondosha begi hapo hapo, akakimbia. Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka, likitoa moshi. Akalifikia kwa nyuma, akalipiga bati kwa viganja vyote viwili hadi abiria wakageuka na utingo akamtukana.

"Mweusi!" alipiga kelele kuelekea dirisha la mumewe. "Beberu awe mweusi! Umesikia, Bundi? Mweusi!"